Taa ya Kujaa, Kikapu Kitupu

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Manundu akitokea Kwaluguru, ili awe karibu na matibabu. Dawa alizopewa zilimchubua mdomo kiasi kwamba hata uji wa vuguvugu ulimtoa machozi. Kitu pekee alichokimudu kilikuwa barafu. Alikuwa akiiweka chini ya ulimi, anafumba macho, kisha anaweza kumeza vijiko vinne vitano vya supu.

Wifi yangu wa Dar aliposikia hivyo alitutumia mashine ndogo ya kutengeneza barafu, ya kuweka mezani, kubwa kidogo kuliko ndoo. Unamimina maji, unabonyeza, na baada ya dakika kama kumi vipande vinadondoka kwenye kikapu cha ndani. Wiki za mwanzo niliiona kama neema. Kila asubuhi niliifuta kwa kitambaa chenye unyevu mpaka ikang'aa, na nilijua kwa hakika kwamba ninaitunza.

Siku moja taa ya kuonyesha kikapu kimejaa iliwaka. Nikafunua nichote barafu. Kikapu kilikuwa kitupu. Nikafunika, nikasubiri, nikafunua tena. Kitupu, na taa inawaka. Nilizima umeme, nikawasha, mashine ikatoa vipande vichache ikanyamaza tena, ikisema imejaa. Nakumbuka niliingiza mkono ndani kupapasa, kana kwamba barafu ingeweza kuwepo nisiione.

Jioni hiyohiyo nikaona kitu kwenye bilauri ya mama. Barafu ilikuwa imeyeyuka na chini kulikuwa na magamba meupe, membamba kama maganda ya kitunguu saumu. Nilimwonyesha mume wangu. Aliinyanyua bilauri dirishani, akasema ni vumbi tu. Nikataka kumwamini. Lakini kesho yake magamba yalikuwepo, na mama aliamka tumbo likimsokota.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika. Dawa zake zilijulikana kusumbua tumbo. Lakini barafu nilimpa mimi, kwa mkono wangu, mara nane kwa siku. Nilichukua kijitabu cha mashine. Kilikuwa cha Kichina chote. Palikuwa na picha ya tone la maji limekatwa kwa alama ya X. Nilipoiona mara ya kwanza nilielewa kwamba ndani hapaoshwi. Sasa nikawa sijui kama nilielewa au nilibuni.

Nilimwita fundi wa mafriji mwenye kibanda karibu na soko, mzee mpole anayesema kidogo. Aliizunguka mashine, akaniuliza kama tangu ije nimewahi kuitoa maji ya chini.

"Maji gani ya chini, fundi?"

Aliiinamisha juu ya beseni, akachomoa kizibo cha mpira ambacho sikuwahi kukiona. Yalitoka maji ya manjano, yenye utelezi, pamoja na kitu kama mchanga mweupe. Alinieleza kwamba maji yetu ya kisima yana chokaa. Ikikaa inaganda kwenye vile vidole vya chuma vinavyoshika barafu, na inaziba kijicho kidogo kinachoangalia kikapu. Kijicho kikizibwa, mashine inadhani kuna barafu mbele yake.

"Haikudanganyi, mama," alisema. "Haioni."

Nilimuuliza kuhusu tumbo la mama. Akasema chokaa si sumu, ila maji yaliyolala ndani siku nyingi hayafai kwa mgonjwa, na mengine nimuulize daktari.

Alinielekeza, nami nikafanya. Nilichomoa umeme, nikasugua vidole vya chuma kwa mswaki mpya, nikapangusa kijicho kwa kitambaa laini. Nikakamua ndimu kwenye maji, nikachuja, nikamimina, nikaiwasha itengeneze barafu ya kumwaga. Nikafungua kizibo, nikasuuza mara tatu. Taa ilizimika. Nikaweka maji ya chupa, na barafu ilipotoka ilikuwa safi kama kioo.

Nilimpelekea mama nikiwa na furaha ya mtu aliyesamehewa. Aliiweka mdomoni, akaitoa, akaitazama.

"Hii si ile," alisema.

Nilidhani ni ndimu. Nikaonja, sikusikia chochote. Nikasuuza upya, nikamletea nyingine, akaikataa kwa kichwa. Ya tatu ndipo aliponishika mkono.

"Mwanangu, kila kitu mdomoni mwangu ni kama chuma. Barafu ile ya kwanza ilikuwa na ladha ya maji ya kwetu. Hii haina kitu."

Niliweka kikombe mezani. Maji ya kisima cha kwao Kwaluguru yana uchumvichumvi kama haya yetu, hilo nilijua. Lakini nilikuwa nimesugua siku nzima ili kuondoa uchafu, na yeye alikuwa anausikitikia. Sikujua niombe radhi kwa kumlisha uchafu ule au kwa kuuondoa.

Nesi wa hospitali aliniambia nimpe maji yaliyochemshwa, basi; habari ya ladha sikumuuliza. Nikaamua kuchemsha maji ya kisima chetu, kuyaacha yatulie, na kuyachuja kwa kitambaa. Kila jioni nilimwaga yaliyobaki, na kila wiki nikaosha kwa ndimu bila kungoja taa. Mama alionja barafu yake, akasema inakaribia. Sijui kama ilikaribia kweli au alinihurumia.

Tumbo lilitulia siku chache baadaye, lakini kumbe wakati huohuo daktari alikuwa amebadilisha dawa moja, kwa hiyo huenda ni dawa, huenda ni maji. Vidonda vilipona polepole. Alianza na uji, akaja kwenye mlenda, na siku alipoomba ugali mume wangu alitoka nje akakaa kibarazani peke yake.

Mama aliporudi Kwaluguru niliiosha mashine mara ya mwisho, nikaiacha wazi siku mbili ikauke, nikairudisha kwenye boksi lake. Wifi alipiga simu kuuliza kama ilisaidia. Nilimwambia ilisaidia sana. Alitaka nimsimulie, nikaanza na taa na kikapu, nikaacha, nikamwambia tu mama anakula.