Tangazo la Magodoro ya Mjomba Hamadi

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu, mwanangu. Nilikuwa nimesimama njia panda ya Msambweni, brashi mkononi, rangi nyeusi imenidondokea miguuni, nautazama ubao niliokuwa nimetoka kuuandika. Nilirudi nyuma hatua kumi nikausoma. Nikavuka njia nikausoma tena kutoka upande wa pili. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na kijana mwenye hati nzuri alijiona ana cheo. Nami nilijiona.

Nakuhadithia haya kwa kuwa umeniambia umepata kazi ya kuandika matangazo ya hoteli kule Galu. Nimefurahi, tena sana. Lakini kazi hiyo niliifanya kabla yako, na niliianza vibaya, kwa hiyo keti kidogo unisikilize.

Ubao ule ulikuwa wa mjomba wangu Hamadi, ndugu wa mama, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Mjomba alikuwa mtu wa Gazi. Ujana wake wote alikata boriti za mikoko, akizibeba begani kutoka matopeni hadi nchi kavu, mpaka mgongo ukamshinda. Hapo akajifunza kushona magodoro ya sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Akauza mbuzi wake wote, akanunua cherehani na vitambaa, akapanga chumba Msambweni, na mimi nikahamia naye. Alikuwa fundi kweli. Sufi yake aliichambua kwa mkono mpaka haibaki mbegu hata moja, na akishona pembe ya godoro, uzi huuoni.

Ila wateja hawakuja. Watu wetu wakati ule walilala juu ya vitanda vya kamba, wakatandika mkeka juu yake, na godoro waliliona kuwa kitu cha Mzungu au cha bibi harusi. Magodoro yakapangwa ukutani moja juu ya jingine hadi yakakaribia dari. Mjomba hakulalamika, hakuwa mtu wa kulalamika, lakini nilimwona akiyapapasa asubuhi kama anayeyapa pole.

Basi mimi, msomi wa nyumba, nikasema niachiwe. Nikatafuta ubao, nikaandika maneno ambayo mpaka leo nayajua kwa moyo, na kila nikiyakumbuka nacheka peke yangu. Niliandika hivi: «Hamadi na Wanawe, Mabingwa wa Magodoro. Sisi ni mafundi mashuhuri wasio na kifani pwani nzima. Sisi tuna cherehani mpya kutoka Ulaya. Duka letu ni adhimu na sifa zetu zimeenea. Njooni mujionee ustadi wetu.» Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja, alikuwa na mabinti wawili tu, nao wameolewa Vanga. Sifa zetu hazikuwa zimeenea hata mtaa wa pili. Lakini maneno yalinijaa kinywani, mwanangu, na mtu akijaa maneno hana nafasi ya kuwaza.

Nikanakili maneno yale yale kwenye karatasi, nikabandika Gazi, nikabandika Ukunda. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Alikuja mtu mmoja, akauliza njia ya hospitali.

Siku hizo palikuwa na mkunga aliyejulikana kote, Bi Mwanamisi, mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya chini. Nusu ya watoto wa Gazi na Msambweni walipokewa na mikono yake, na mimi nikiwa mmoja wao. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mbele ya ubao wangu na kikapu chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za mjomba, za mgongo wa mjomba, za mama yangu, mpaka zikaisha. Kisha akasema yeye hakujaliwa kusoma, na angependa nimsomee kilichoandikwa.

Nikamsomea. Nilisoma kwa madaha, nikayavuta yale «mashuhuri» na «adhimu» kama khatibu. Nilipomaliza akaniomba nirudie. Nikarudia. Ndipo akauliza, kwa upole kabisa:

«Na mimi niko wapi humo?»

Nilidhani hajaelewa. Nikamweleza kwamba hili ni tangazo la duka, jina lake haliwezi kuwamo.

«Hilo nalijua, mwanangu. Jina la mjomba wako nimelisikia, cherehani nimeisikia, sifa nimezisikia. Lakini mimi nina nyonga inayoniamsha kila usiku kwa ajili ya kamba za kitanda, na humo sijaisikia. Wewe umenijia mlangoni, hukupiga hodi, hukuniuliza nimeamkaje, ukaanza kunieleza habari zako. Mtu akija kwangu hivyo, hata kiti simpi.»

Akachukua kikapu chake akaenda zake. Nami nilikasirika, nisikufiche. Nilirudi nyumbani nikisema moyoni kwamba mama asiyejua alifu wala be amenikosoa hati. Siku mbili sikupita njia ile.

Siku ya tatu nilimkuta Mjomba Hamadi amekaa kizingitini ananoa shoka lake la zamani. Nikamwuliza la nini. Akanijibu bila kuinua uso kwamba amezungumza na wenzake wa Gazi, na baada ya Ijumaa atarudi kukata boriti, hata kama ni chache. Mtu yule asubuhi alikuwa hawezi kuinama kuvaa viatu mpaka nimsaidie. Nilimtazama akinoa, na maneno yangu yote makubwa yakaniishia. Nikaona kwamba niliandika ubao ule ili watu wajue mimi najua kuandika. Godoro halikuwamo, mjomba hakuwamo, na huyo wa kulinunua ndiye hakuwamo kabisa.

Nikaenda kwa Bi Mwanamisi, nikamwomba radhi, ingawa nilichomkosea kilikuwa moyoni mwangu tu. Akacheka. Akaniambia kesho anakwenda Gazi kumwona mzazi aliyejifungua juzi, nami nifuatane naye, nikae barazani na wanaume, na niwaulize jambo moja tu: wanalalaje.

Ni swali la aibu, mwanangu, kumwuliza mtu mzima analalaje. Baraza ya kwanza walinitazama kana kwamba nimetumwa na serikali. Lakini nilipowaeleza kuhusu mjomba na mgongo wake, wakafunguka. Mzee Rashidi, mvuvi aliyestaafu, akaniambia godoro analitamani, ila jirani yake alinunua moja mjini na katika mwaka mmoja sufi ikajikusanya madonge, akawa analala kama juu ya nazi. Tena, akasema, magodoro huleta kunguni. Mtu mmoja wa mashamba ya miwa ya Ramisi akageuka akafunua shati, akatuonyesha mistari ya kamba mgongoni. Alisema yeye shida yake ni kubeba, kwani atalifikishaje godoro Ramisi, kwa kichwa? Na Bi Mwanamisi naye akatoka ndani na neno la yule mzazi, kwamba mtoto akikojoa, mkeka unaoshwa na kuanikwa, godoro utalifanyaje?

Nilirudi nikamweleza mjomba yote, neno kwa neno. Alisikiliza, mikono magotini. Halafu akashangaa. «Madonge? Mbona mimi godoro langu likifanya madonge mtu anirudishie, nalifungua, naichambua sufi upya, bure. Nani hajui hayo?» Hakuna aliyejua. Sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimeandika kwamba tuna cherehani.

Usiku ule mjomba hakulala sana, alikuwa akiwaza, na alfajiri nikamkuta anakata kitambaa. Alitengeneza mfuko wa pili wa kuvalisha godoro, wenye vifungo ubavuni, unaovuliwa ukafuliwa kama shati. Wazo hilo lilitoka kwa yule mama wa Gazi ambaye hata uso wake sikuuona. Na jirani yetu mwenye mkokoteni wa punda akakubali kupeleka magodoro Gazi na Ramisi kila Alhamisi.

Ndipo nikaupaka ubao rangi nyeupe, nikaanza upya. Bi Mwanamisi nilimwita asikilize kabla sijaandika. Nilikuwa nimeweka mstari usemao kwamba godoro la Hamadi haliingii kunguni kamwe. Akatikisa kichwa. Akasema kunguni huingia hata kitanda cha liwali, na siku Mzee Rashidi atakapomwona mmoja, maneno mengine yote atayaona uongo. Nikauondoa, ingawa ulikuwa mstari mtamu. Tukaandika hivi:

«Hodi. Umelalaje jana? Kama kamba zimekuchora mgongo, godoro la sufi lipo. Mfuko wake una vifungo, unavuliwa unafuliwa. Lianike juani kila Ijumaa, kunguni hawapendi jua. Likifanya madonge, rudisha, tutaichambua sufi bure. Gazi na Ramisi, Alhamisi tunakuletea mlangoni. Muulize Hamadi, Msambweni.»

Jina la mjomba likawa mwisho, herufi ndogo. Mimi mwenyewe niliona kama nimeandika barua, si tangazo. Hakuna neno moja kubwa humo. Lakini kwa kuwa lilikuwa fupi na la kawaida, aliyejua kusoma alimsomea asiyejua, na asiyejua akalichukua akaenda nalo nyumbani kwa kichwa.

Mzee Rashidi alikuwa wa kwanza. Alikuja na fimbo yake, akiwa ametembea kutoka Gazi kabla jua halijawaka, akasimama mbele ya ubao, akamwomba mpita njia amsomee. Nilikuwa ndani nasikia. Akaingia, akabonyeza godoro kwa kiganja, akatusalimu, kisha akaniambia, «Yale ya madonge ni maneno yangu. Nilikwambia mimi.» Nikamjibu ndiyo, ni yako. Alifurahi kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa heri mbele za watu. Akachagua godoro, na akakaa kuongea mpaka adhuhuri.

Sitakudanganya kwamba tulitajirika. Mjomba hakuwahi kutajirika. Lakini magodoro yale yaliyofika darini yalipungua mpaka tukauona ukuta, na ule mwaka watu wa Ramisi walitufanya tukose sufi. Mjomba hakurudi tena kukata boriti, alishona mpaka macho yalipochoka, akazeeka akiwa ameketi, mgongo umeegemea mto aliojishonea, na watu wakija kumwona. Bi Mwanamisi godoro lake tulimpelekea sisi wenyewe, mimi na mjomba, tukalitandika. Akaketi juu yake, akanyoosha miguu, akafunga macho kwa muda mrefu hata tukadhani amelala.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla hujaandika neno lolote la kumwita mtu, nenda ukamsikilize. Kaa naye, hata kama ni mpishi, hata kama ni mgeni aliyetoka mbali na lugha yake huijui vizuri. Mwulize kinachomwamsha usiku na kinachomtia hofu ya kununua. Ukishajua, mwandikie yeye, kwa maneno anayoyatumia yeye nyumbani kwake, na habari za tajiri wako ziweke mwisho, fupi. Ukiona sentensi inakupendeza mno, itazame mara mbili, huenda umejiandikia mwenyewe. Na ahadi usiyoweza kuitimiza iondoe, hata tajiri wako akikasirika, kwa maana msomaji akikuta uongo mmoja hatakurudia. Usiogope mtu akikukosoa, hata awe hajasoma. Mimi nilipoteza siku mbili kwa kukasirika, na kwa mjomba wangu siku mbili zilikuwa nyingi.

Haya, nenda ukafanye kazi. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya riziki ya halali, akupe subira ya kusikiliza, aitie baraka mikono yako, na kila atakayeyasoma maneno yako aondoke akiwa ameheshimiwa. Amin.