Bwana Pazia Ajitokeza

Obadiah Thrupp alikuwa na maneno tele kwenye karatasi, ila mbele za watu alikuwa bubu. Baba yake, muuza mishumaa, alimsomesha awe mchungaji. Mimbari ikamtia kiwewe, akakimbilia kuandika. Kila Jumanne na Ijumaa gazeti lake la karatasi moja lilitoka London kwa jina la Bwana Pazia, likitucheka sote: mawigi yetu, mbwembwe zetu za kunusa tumbaku, nguo tunazoenda kuonyeshana kanisani. Watu walilinunua ili wabishane ni nani huyo. Wakishamjua, basi tena.

Mimi, mshona mawigi, nilijua. Nilijua pia kwamba alimpenda Dorcas Whitlow, mjane mwenye mkahawa wetu, na hajapata kumwambia zaidi ya "habari za asubuhi". Aliniudhi, lakini nilimpenda.

Ijumaa moja akaona heri aandike pendo lake. Gazeti likasomwa kwa sauti mkahawani kama kawaida: habari za mwanamume anayempenda mwenye mkahawa, ila anaogopa kusema.

Sasa sisi tuna ugonjwa wetu. Kila anayesomewa Bwana Pazia huamini kasemwa yeye. Pym kinyozi akaruka.

"Nimeumbuka! Bi Whitlow, ndiye mimi huyo!"

"Wewe na hilo tumbo?" akadakia nahodha mmoja mstaafu. "Kaa chini. Bibi, kasemwa mimi."

Dorcas alicheka hadi akaegemea meza. Thrupp alikuwa mweupe kama chokaa. Nikamkanyaga mguu. Akinyamaza, mmoja wa hawa atamchukua mjane. Akisema, gazeti limekwisha.

Akasimama. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Nani? Huyu bubu?" Pym akauliza.

"Muda mrefu najua," Dorcas akasema. "Likisomwa, midomo yako humtangulia msomaji. Lakini Bwana Pazia kanitongoza mbele ya London nzima. Wewe, Obadiah, hujaniambia kitu."

Akamgeukia. "Nakupenda, Dorcas. Na hapa natetemeka."

"Tetemeka tu, mwenzangu. Nimekusikia."

Mkahawa mzima ukapiga meza. Pym mwenyewe akamkumbatia Thrupp, huku akinung'unika.

Gazeti likafa mwezi uleule, maana hapakuwa na cha kubishania. Sijapata kumwona mtu akifilisika kwa furaha namna ile.