Ule Mwanga wa Kilimani

Mimi ni fundi wa plake za jua hapa Kashuga, zile za kutoa umeme, na tangu Jumanne natembea nimeinamisha kichwa.

Asubuhi hiyo mawingu yalipofunguka na jua kutoka, niliona mwanga kwenye kilima cha ng'ambo: unawaka, unazima, unawaka. Nikawaza: Wenye silaha wanapeana ishara kwa kioo! Nikapiga kelele, "Kimbieni! Wako pale juu!" Mama Furaha, jirani yangu, aliacha maharage motoni, akabeba mtoto. Barabara ikajaa watu na magodoro, nami mbele yao wote.

Darajani tukakutana na Papa Bahati, mfugaji wa kilima kile kile, anashuka na bidoni yake ya maziwa, akipiga mluzi.

"Munakimbia nini?"

Nikamwonyesha ule mwanga.

Akanitazama sana. "Fundi, ile iko plake yangu. Ni wewe ulinifungia jana, mu mvua."

Watu wote wakanigeukia. Mama Furaha akaweka mtoto chini.

"Na ulifunga mubaya," akaongeza Papa Bahati. "Upepo kidogo tu, inatikisika."