Kura Ambazo Boga Hakuomba Zirudiwe

Boga Mwidani wa kijiji cha Shika Adabu alikuwa mkulima wa mihogo na minazi, na majirani walimsifu kwa adabu yake: hakupata kumpaazia mtu sauti, wala kukatiza maneno ya aliyemzidi umri. Kwa sababu hiyo shemeji yake, Shee, aliyegombea udiwani mwaka ule wa kuelekea uhuru, alimchagua awe wakala wake katika chumba cha kuhesabia kura.

"Kazi yako ni macho tu," Shee alimwambia. "Na mdomo, ikibidi."

"Macho ninayo," Boga akajibu.

Mkewe, Mwanasaumu, dada yake Shee, alicheka kutoka jikoni. "Huo mdomo je, mtaazima kwa nani?"

Kura zilihesabiwa asubuhi katika darasa la skuli, Likoni. Alama ya Shee ilikuwa taa, na ya mpinzani wake jembe. Wakala wa jembe alikuwa Maalim Stambuli, aliyemfundisha Boga Kurani tangu alifu. Boga alimbusu mkono, kisha akaketi upande wa pili wa meza.

Makarani walizifunga karatasi mafungu mafungu kwa uzi. Karibu na mwisho, karani mmoja aliinua fungu lenye taa juu yake, akaliweka kwenye rundo la jembe. Hivyo ndivyo Boga alivyoona, lakini papo hapo fungu jingine likawekwa juu, lile la kwanza likafunikwa.

Jembe lilishinda kwa kura chache mno. Msimamizi, Mzungu mwenye Kiswahili cha bara, akasimama.

"Kabla sijatangaza, wakala anaweza kuomba kura zihesabiwe tena, na nikiona ana sababu nitaamuru. Nikishatangaza, sina uwezo. Hapo ni mahakama."

Boga alilitazama lile rundo la jembe. Maalim Stambuli akamgeukia.

"Boga mwanangu, umeona kasoro yoyote?"

Kukubali kulikuwa ni kumwambia mwalimu wake, mbele ya Mzungu na makarani, kwamba ushindi anaousimamia si wa haki. Boga akainamisha kichwa.

"La, maalim. Sikuona."

Msimamizi akatangaza.

Nje, langoni, Boga alimweleza Shee yote. Shee hakumkemea. Alimshika mkono, wakarudi ndani.

"Niliuliza," msimamizi alisema. "Wakala wako akasema hakuona kitu. Sasa nenda mahakamani."

Lakini mahakama ingetaka shahidi, na shahidi wa pekee alikwisha kusema hakuona.

"Wallahi, Boga," Shee alimwambia njiani, "ungelikohoa tu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Boga alikwenda kwa Maalim Stambuli.

"Maalim, siku ile niliona fungu limewekwa siko. Niliona haya kusema mbele yako."

Mzee alijifikicha macho.

"Macho yangu hayafiki tena ng'ambo ya meza," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ungelisema, ningeliomba zirudiwe pamoja nawe."

Boga aliinuka. Alimbusu mkono, akatoka, na njia nzima ya kurudi Shika Adabu alikuwa akilijaribu kimoyomoyo lile neno jepesi ambalo angeliweza kulisema: Naam, maalim, nimeona.