Siku Maktaba Ilipomfuata Mama Dunguni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mji wa Ifakara ukishika moto leo, utanikuta barazani kwenye cherehani yangu, nami nitauomba usogee kidogo nimalizie pindo. Kwa hiyo mkutubi wa maktaba yetu, dada mmoja jirani, hakuhangaika kunitafuta.

Alikuwa ameanzisha alasiri za mazungumzo pale maktaba. Mwandishi anaalikwa, mzee wa hapa anasimulia bonde lilivyokuwa, watu wanauliza maswali. Safari hii alimtaka mama yangu. Mama alizaliwa kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachojenga katikati ya mpunga, mwaka wa mafuriko makubwa. Waliokuwepo siku ile wameshakufa wote. Kilichobaki ni yale waliyomsimulia mama.

"Kaka, asiposema yeye, imeisha hiyo," mkutubi aliniambia. "Nataka nimrekodi."

Sasa, siku alipanga mgeni. Mgeni ni mwandishi wa mjini aliyeandika kitabu kinene juu ya mila za bonde letu, na watu wenye vitabu vinene huja wanapopata nafasi wao. Akapata nafasi wakati mpunga unatia maziwa. Majuma hayo kweleakwelea hushuka kama wingu, na kila mwenye shamba huhamia dunguni kuamia ndege wasimalize mpunga, tangu alfajiri hadi jua linazama. Mjini hubaki wagonjwa, waajiriwa, na mimi.

Nikampigia mama simu.

"Niache mpunga nije kukalia kiti?"

"Nitakuja mimi kukuamia siku hiyo, mama."

Akacheka hadi akakohoa. "Wewe? Ndege watakufuga."

Siku ikafika. Viti vilikuwa vimeazimwa kanisani, vimepangwa vizuri kweli, na vilihudhuria vyote. Watu tulikuwa mimi na mwalimu mmoja mstaafu aliyefuata feni, naye alisinzia kabla mgeni hajatambulishwa. Mgeni alivaa kizibao chenye mifuko mingi kama mtu anayekwenda kuwinda tembo. Akasimama, akashusha pumzi ya msibani.

"Ndugu zangu, hapa palikuwa na desturi ya familia nzima kuhamia dunguni. Leo imetoweka. Nimetembea mashamba haya, nimeyaona madungu matupu yakilia peke yake."

Nikanyoosha mkono. Nina cheti cha kidato cha nne, na alama zake ni siri yangu na serikali, lakini kuuliza naweza.

"Samahani mheshimiwa, ulitembea mwezi gani?"

"Agosti."

Agosti! Mpunga umeshavunwa, umeshakobolewa, mwingine umeshaliwa. Nani akae dunguni Agosti, alinde nini, mabua? Ni sawa na kuingia kanisani Jumanne mchana, ukatoka ukaandika kwamba Ukristo umekwisha.

"Mama yangu yuko huko sasa hivi," nikamwambia. "Ndiyo maana viti vinakusikiliza vyenyewe."

Akatabasamu kwa huruma. "Huyo ni mabaki, kaka. Mabaki ya utamaduni."

Mama nimesikia akiitwa mengi, mengine kwa sababu yangu. Lakini mabaki? Kama ugali wa jana?

Mkutubi akainuka, akachukua simu yake na mkoba. "Twendeni."

"Wapi tena?" mgeni akauliza.

"Alipo mzee wetu."

Tukapanda bodaboda kuelekea upande wa Namawala, kisha ikabidi kushuka na kupita kwenye matuta, maji huku na huku. Kwenye tope la kwanza mgeni akaviangalia viatu vyake kwa muda mrefu, kwa upendo. Akasema atasubiri kwenye bodaboda, rekodi ataisikiliza baadaye. Mtu aliyejaza kitabu kizima matope yetu!

Mama alikuwa juu, kamba zenye makopo zimetoka dunguni kwenda kila pembe ya shamba, anavuta hii, anavuta ile.

"Shikamoo mama," mkutubi alisema.

"Marahaba mwanangu." Akaninyooshea kidole. "Huyo umemtolea wapi? Anajua njia?"

Mkutubi akamwomba asimulie alivyozaliwa, amrekodi. Mama akalitazama shamba. Mpunga ule ndio chakula chetu hadi mavuno mengine, hakuna mwingine uliofichwa mahali.

"Nitaongea," akasema. "Ila huyu ashike kamba. Shamba likiliwa, mwaka mzima atakula vitabu."

Basi nikashika. Kuvuta kamba siyo kazi ngumu, ngumu ni kuheshimiwa na ndege. Kweleakwelea wananijua. Nilipiga kelele, nilirusha madongo, nikakimbia tutani hadi kandambili moja ikaamua kubaki. Kila nikipita chini ya dungu nadaka kipande cha sauti ya mama, kisha naondoka tena.

Rekodi ilipigwa maktaba baada ya mavuno. Watu walijaa hadi madirishani, wengine wametoka Mofu na Kiberege, wafugaji wa Kisukuma wakiwa mstari wa nyuma na fimbo zao. Mama alikaa mbele, kavaa kitenge nilichomshonea. Sauti yake ikasikika ikieleza maji yalivyopanda, halafu ikaingia yangu: "Hooo! Tokeni! Jamani, tokeni basi!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kila sentensi ya mama na bembelezo langu.

Kisha ikafika pale bibi alipojifungua. Babu alikuwa amekwenda kutafuta mtumbwi. Bibi akakata kitovu kwa kisu cha kuvunia, akamfunga mtoto kwa kanga kwenye nguzo ya dungu asitumbukie, akarudi kupiga kopo, kwa sababu ndege hawakuwa na habari kwamba mtu amezaa. Na hapo kwenye rekodi hakuna kopo, hakuna hooo, ni mama tu.

Mama akageuka, akanitazama mbele ya watu wote.

"Mnasikia alivyonyamaza?" akasema. "Hapo alikuwa chini ya dungu, mdomo wazi, ananisikiliza. Na hapo ndipo kona yangu ya mashariki ilipoliwa."

Mkutubi akamuuliza kama aikate sehemu hiyo.

"Iache," mama akasema. "Nimeilipia."