Chumba cha Mtu Mmoja Ndani ya Corisande

Ukurasa wenyewe Lorna Sugden aliukata kwa mkasi wa kucha, akaukunja mara mbili, akauficha kwenye droo ya jikoni chini ya taulo za kufutia vyombo. Alijua hakuna mwingine nyumbani mle aliyewahi kufuta chombo. Ulikuwa umetoka kwenye kijitabu cha meli za kitalii, na picha yake ilionyesha chumba kidogo kama stoo ya mhunzi: kitanda kimoja, taa moja, dirisha la duara lenye bahari ndani yake, na mlango uliofungwa. Corisande ilikuwa meli nzee, ndogo, isiyo na makuu, lakini ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya namna hiyo, vya msafiri mmoja.

Lorna alikuwa na miaka hamsini na minne. Asubuhi tatu kwa wiki aliuza miwani katika duka moja mjini Halifax, kaskazini mwa Uingereza. Saa zilizobaki zote zilikuwa za mama yake, Avis. Tangu baba afe, miaka kumi na mmoja, Lorna alilala mlango wazi kwa amri ya mama, na kando ya mto wake kilikaa kile kifaa ambacho wazazi hutumia kumsikiliza mtoto mchanga akiwa chumba kingine, ila hiki kilipeleka sauti pande zote mbili. Mtoto mchanga wa nyumba hii alikuwa anakaribia themanini. Alitembea kwa miguu yake kila Alhamisi kwenda kucheza bingo, na alizidiwa na ugonjwa kila mara Lorna alipoalikwa mahali.

Mwezi wa pili mama alitangaza kwamba atatimiza miaka themanini juu ya maji. Atawapeleka wote Mediterania, majuma mawili, kwa gharama yake, mwezi wa nane. Wachague meli.

Zikawa mbili. Lorna alipendekeza Corisande, kwa sauti ya mtu anayepitisha chumvi. Clive, mdogo wake, na mkewe Nadine walitaka Belvarosa, mnara wa ghorofa kumi na nane wenye mabomba ya kuteleza majini, ili mapacha wao wachoke mchana na kulala usiku. Belvarosa haikuwa na chumba cha mtu mmoja hata kwa dawa. Huko Lorna angelala na mama.

Shauri lilikatwa Jumapili, kwenye nyama ya kuoka. Mvua ilikuwa inapiga dirisha ambalo hata sasa lilibeba kipande cha karatasi kilichofifia: mwaka ule wa kura, Avis alipiga kura nchi itoke Umoja wa Ulaya, akabandika tangazo lake kioo kizima, na hakuna aliyethubutu kulibandua.

Ilibaki pudingi moja ya Yorkshire, lile andazi la kuokwa linaloliwa na mchuzi, kwenye sinia.

“Nani amalizie?” Nadine akauliza.

“Kwangu yote sawa,” akasema Clive.

“Acha hizo, chukua.”

“Hapana, wape watoto.”

“Clive, chukua bwana, itapoa!”

Akachukua, akaimwagia mchuzi tele. Ndivyo watu wa vilima vya Halifax walivyo. Mtu akikuuliza unataka nini, unasema kwangu yote sawa; hilo si jibu, ni hodi. Yeye atauliza tena, nawe utakataa kidogo, na mara ya tatu utapewa kile ulichokuwa unakitolea macho tangu mwanzo. Anayedai mara ya kwanza ni mtu asiye na adabu, na Lorna alikuwa na adabu kuliko mtu yeyote upande ule wa Yorkshire.

“Haya, meli,” mama akasema, akiweka uma chini. “Clive ameshasema. Mapacha wameshapiga kelele. Lorna, wewe?”

Lorna akakunja kitambaa chake cha mezani.

“Kwangu yote sawa, Mama.”

Akasubiri. Maneno ya pili alikuwa nayo tayari, ameyafanyia mazoezi bafuni: ila ile Corisande inaonekana tulivu, ingekufaa kwa masikio yako. Alihitaji tu kuulizwa. Mama alimtazama muda wa kutosha kutafuna kipande cha nyama, akakitafuna, akakimeza.

“Basi. Amesema mwenyewe. Belvarosa.”

“Eee!” mapacha wakapiga meza.

“Shangazi Lorna kwenye bomba la kuteleza!” Clive akacheka. “Watafunga mtambo kuangalia amekwama wapi.”

Nadine akamfinya mumewe, lakini naye alikuwa anacheka.

Walipoondoka, Lorna alisimama kwenye sinki. Mama alikuja nyuma yake, akafungua droo, akatoa taulo ya juu, kisha ya pili, kisha ule ukurasa. Akaukunjua juu ya meza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayenyoosha leso.

“Nauona hapa tangu Jumanne,” akasema. “Kitanda kimoja. Na mimi nikianguka, nimwite nani? Nahodha?”

“Mama, ilikuwa ni…”

“Ungetaka ungesema. Nimekuuliza mbele ya watu, au sikukuuliza?”

“Umeniuliza.”

“Mara moja inatosha kwa mtu mwenye kichwa.” Akatumia ukurasa ule kufutia tone la mchuzi mezani, akautupa ndani ya pipa. “Na usisahau kufungasha kile kifaa. Melini kuna makelele, huenda nisisikie kama uko macho.”

Lorna akamaliza vyombo. Usiku ule na mwingine wote uliofuata kile kifaa kikaendelea na kazi yake. “Lorna. Unageuka sana.” “Lorna. Umekohoa, usiniambukize.”

Katikati ya Juni ilikuja barua kutoka kwa wakala wa safari. Clive alikuwa amejaza fomu za wote kwa haraka ya mtu anayeangalia mpira, na barua ilikuwa ya kukumbusha tu. Kila abiria ahakikishe pasipoti yake haitakuwa imepita miaka kumi tangu itolewe, siku ya kuingia bandari ya kwanza ya Ulaya, hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa haijafika. Maana zamani, aliyeomba pasipoti mpya mapema aliongezewa ile miezi iliyobaki kwenye ya zamani. Nchi ilipokuwa ndani ya Ulaya hakuna aliyeihesabu. Sasa ilikuwa nje, na Wahispania walikuwa wanahesabu.

Lorna aliisoma barua mara mbili. Akaenda sebuleni.

“Mama, naomba nione pasipoti yako.”

“Ya nini?”

“Wakala anataka tuhakikishe.”

“Nyaraka zangu nazishika mwenyewe tangu baba yako alipozikwa.” Hata hivyo aliitoa kwenye mkoba, akaifungua kwenye picha, akamsogezea Lorna mpaka karibu na pua. “Haya soma, muuza miwani. Inakwisha lini?”

“Mwezi wa tatu, mwakani.”

“Miezi saba baada ya safari. Kuna kingine?”

Juu ya tarehe ile kulikuwa na nyingine. Kazi ya Lorna ilikuwa kuwauliza watu mstari wa mwisho kabisa wanaoweza kuusoma kwenye chati ya macho, na huo ndio aliokuwa anausoma. Pasipoti ilikuwa imetolewa Julai, tarehe ishirini. Belvarosa ingefika Hispania Agosti, tarehe nane. Itakuwa na miaka kumi na siku kumi na tisa. Mpya ingepatikana ndani ya majuma matatu, na walikuwa na majuma saba.

“Mama, kuna jambo hapa kuhusu…”

“Funga mdomo, unapulizia karatasi yangu.” Mama akaifunga pasipoti kwa kishindo kidogo. “Usinifundishe mambo ya karatasi. Ungekuwa na akili ya karatasi ungekuwa na cheti cha ndoa.”

Saa ya ukutani ilipiga mara kadhaa. Nje jirani yao, Bi Ogden, alikuwa anaburuta pipa lake la taka.

“Ulikuwa unasemaje?” mama akauliza. Hakuuliza hasa. Alikuwa tayari ameshika kidhibiti cha televisheni.

“Hakuna,” akasema Lorna. “Kwangu yote sawa.”

Hakuna aliyemuuliza tena. Akaenda kubandika birika.

Yale majuma saba yalikuwa marefu, na kila siku yake ilikuwa na mlango ambao Lorna angeweza kuupitia na kusema. Hakupita. Alinyoosha magauni ya mama, akamnunulia kofia. Jioni, mama akiwa mbele ya michezo yake ya televisheni, Lorna alipika kwa wingi, akajaza mikebe, akaipanga kwenye friza.

“Unampikia nani, jeshi?” mama aliuliza mara moja.

“Nikirudi nitakuwa nimechoka,” akajibu Lorna.

Walikwenda Southampton kwa basi dogo la kukodi, na dereva wake aliitwa Barney, mtu mnene mpole aliyekula mayai ya kuchemsha njia nzima. Mama alikaa mbele, amevaa kofia mpya, akiwahesabia waliomo makosa yao. Pale bandarini Belvarosa ilikuwa imesimama juu ya mabanda kama mtaa mzima uliofagiwa. Mapacha walipiga yowe.

Msichana wa kwenye kaunta alipokea pasipoti sita. Tano alizirudisha. Ya sita aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, akamwita mwenzake.

“Samahani sana, Bibi,” akasema. “Hii haitakubalika.”

“Ina miezi saba, wewe mtoto.”

“Imezidi miaka kumi tangu itolewe. Siwezi kukupandisha.”

“Mimi nimekuwa Mwingereza kabla mama yako hajaota meno!”

“Si sisi, Bibi. Ni Wahispania.”

“Wahispania!” Avis akageukia foleni nzima, akitafuta mashahidi. “Tuliwapiga hao vitani, baharini!”

Mtu nyuma akacheka. Mwingine alikuwa anarekodi kwa simu. Msichana alieleza upya, polepole, jinsi mtu anavyomweleza mgonjwa, kwamba tangu nchi itoke Ulaya sheria ndiyo hiyo. Avis aliinyakua pasipoti yake, akaitia mkobani.

Wakajikusanya pembeni, na masanduku yao. Mapacha walianza kulia. Clive alisugua shingo.

“Sasa,” akasema. “Barney hajaondoka. Anaweza kumrudisha. Ila lazima mtu…” Akamtazama dada yake. Wote walimtazama. “Lorna, si ungerudi naye tu? Wewe umeshazoea.”

“Lorna hajali,” Nadine akaongeza, kwa upole wa kweli. “Au siyo, wifi? Tutakuletea zawadi nzuri.”

Lorna alikuwa anamwangalia mama, na mama alikuwa anajiweka sawa: mgongo, kofia, kidevu. Avis Sugden alikuwa ameaibishwa mbele ya watu, na mtu wa kwao akiaibishwa hushika adabu kama mlevi anavyoshika ukuta.

“Msiharibu safari kwa ajili ya kikongwe,” akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kaunta. “Nendeni wote. Na wewe Lorna, nenda. Kwangu yote sawa.”

Akasubiri. Jicho lake lilikuwa juu ya Lorna, lina uhakika, karibu lina huruma. Sasa binti atasema hapana Mama, siwezi; naye atakataa kidogo; kisha watarudi pamoja, na atakuwa na la kumlaumu mpaka kaburini.

Lorna akanyoosha mkono, akamrekebishia kola ya koti.

“Asante, Mama,” akasema.

“Nini?”

“Umesema niende. Asante.” Sauti yake ilikuwa ile ya dukani, ya kumwambia mteja kwamba fremu imemkaa. “Ufunguo wa akiba uko kwa Bi Ogden. Chakula kiko kwenye friza, mikebe kumi na minne, nimeandika siku juu ya kila mmoja. Jumapili ni nyama.”

Hesabu ile ilichukua muda kufika. Lorna aliiona inapita usoni mwa mama yake: kumi na minne, siku juu ya kila mkebe.

“Ulijua,” akasema Avis.

“Uliniambia nisome.”

“Majuma saba. Ukaninunulia kofia!”

“Inakupendeza.” Lorna akainama, akafungua sanduku, akatoa kile kifaa, vipande vyake viwili, chake na cha mama. Akaviweka mikononi mwa mama yake vyote viwili, akamfunga vidole juu yake. “Viko salama kwako.”

Halafu akamwita Barney aje kubeba sanduku la mama, akampa yai alilokuwa amemhifadhia, akapita kwenye kaunta bila kugeuka. Clive alimfuata kwa macho, mdomo wazi, kama anayemwona mtu aliyemfahamu zamani.

Chumba cha Belvarosa kilikuwa tumboni mwa meli, hakina dirisha, kina vitanda viwili na harufu ya zulia jipya. Hakikuwa kile cha kwenye picha. Lorna aliweka sanduku lake juu ya kitanda cha mama, akavua viatu, akafunga mlango, akasukuma komeo. Akalivuta, akalisukuma tena, kusikia mlio wake.

Meli ilikuwa bado haijang'oa nanga Clive alipobisha.

“Lorna? Mama yuko kwenye simu. Wamesimama njiani, amekataa kula. Analia, Lorna. Anauliza kama unataka kuongea naye.”

“Kwangu yote sawa,” akasema kutoka kitandani.

Clive hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea.

“Kweli?” akauliza. “Lorna? Hutaki, kweli?”

Miaka hamsini na minne, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza mara ya pili. Akautazama mlango, akalifikiria swali kidogo kwa heshima iliyostahili.

“Kweli,” akasema.