Debe la Kukhu

Nilipokuwa bado naogeshwa kwenye karai nyuma ya nyumba, pale Kaloleni, nilijua siri ya debe la Kukhu. Kukhu ni nyanya yangu, aliyemzaa mama, na kwao Kakamega mwanamke hakupanda mti. Akipanda, mumewe hufa. Lakini Kukhu alipenda avokado kuliko chai, na chai aliipenda sana. Basi akafukia kokwa ndani ya debe kuukuu la mafuta ya kupikia, akaliweka kando ya ukuta.

"Hii sijapanda," aliniambia. "Nimeweka tu."

Kila Jumamosi aliliinua na kuligeuza ili mizizi isishike chini. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali.

"Kukhu, kwani mti unajuaje mwenye ameupanda ni mwanamke?"

"Mti haujui. Wenye wanajua wamezikwa nyumbani."

Jibu hilo liliniongezea maswali.

Msimu mmoja wa mvua Kukhu alienda matangani Kakamega, akakawia. Debe likasahaulika. Aliporudi, kabla hata ya kuvua leso, alilishika aliinue. Likagoma. Kutu ilikuwa imekula kitako chake na mizizi ikazama ardhini, mmoja ukielekea msingi wa nyumba. Kukhu aliketi kwenye tope akalia. Nami niliogopa vibaya, maana mume mwenyewe ni Babu, na Babu nilimpenda mno.

Babu akatoka na kikombe chake mkononi. Akalitazama debe, kisha mkewe.

"Mama Rose, wacha kulia. Leta jembe."

Alilipasua debe, akachimba mtaro kati ya mti na nyumba, akaukata ule mzizi wa ukutani. Kisha akarudisha udongo na kuushindilia kwa buti zake za kazi ya reli.

"Sasa nani amepanda?"

"Wewe," Kukhu akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mwenye swali aniulize mimi."

Babu aliishi hadi akazila avokado zile bila meno.

Leo naishi mtaa wa Tena, ghorofani, na nina mlimau kwenye ndoo barazani. Chini ni saruji tupu, mzizi hauna pa kwenda. Bado kila Jumamosi naigeuza. Zamani nilidhani Kukhu aliwaogopa wafu tu. Siku hizi naona alikuwa akimtunza mtu. Mume wangu hunicheka: "Na vile umesoma!"

Jumamosi iliyopita homa ilinilaza kitandani. Nikasikia ndoo ikikwaruza sakafu ya baraza, polepole, na yeye akihema.